King'ora cha Saa Nane

Juzi mwenye duka la jumla hapa mtaani kwetu Mwembesongo alifunga king'ora cha kufukuzia wezi, na mchana wa jua kali akakijaribu. Mimi nilikuwa uani namenya ndizi. Kile kitu kilipoanza kulia, kwanza chini kwa chini, kisha kikapanda mpaka kikajaza mtaa mzima, nilijikuta nimesimama getini, kisu mkononi, nikipiga kelele: "Dada Sauda, toka majini!" Muuza mkaa wa hapo nje akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kurukwa na akili. Simlaumu. Sauda hajaingia mtoni tangu tukiwa watoto.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana nikikaa na jambo hili peke yangu linanisumbua.

Kiwanda alichofanyia kazi baba kilikuwa na king'ora kilichosikika karibu mji mzima. Kililia alfajiri kuwaita watu wa zamu ya kwanza, kikalia saa nane mchana kuwatoa, na kwa kuwa saa za mkononi zilikuwa za wachache, mtaa uliishi kwa sauti ile. Maharage yalibandikwa na kuepuliwa kwa king'ora. Mlevi mmoja wa jirani aliapa kutogusa pombe kabla ya king'ora cha saa nane, na kiapo hicho alikitunza kwa uaminifu mkubwa.

Sisi watoto tulifungwa na king'ora kwa sababu ya bibi. Bibi mzaa mama alikuwa Mluguru wa milimani hasa, na aliuogopa mto kuliko chui. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini wahenga hao hawakuishi Morogoro. Kwetu mvua inaweza kunyesha huko juu Uluguru alasiri nzima, wewe huku chini jua linakuunguza utosi, na maji yakakujia kwa nyuma. "Mto hauna hodi," alisema bibi. "King'ora cha saa nane kikilia, kila mtu nje. Hata kama una sabuni machoni."

Dada yangu Sauda aliugua polio akiwa mdogo. Miguu yake yote miwili ilibaki myembamba, akawa anatembea kwa vyuma vilivyofungwa kwa mikanda ya ngozi, vyenye harufu ya grisi na jasho. Shuleni, siku ya michezo, mwalimu aligawa timu, kisha akamgeukia yeye: "Sauda, wewe kaa hapa ulinde viatu." Hakuwa mtu mbaya. Nadhani aliona amempa cheo. Naye Idi, mtoto wa fundi cherehani jirani yetu, ambaye hakusikia wala kusema, aliwekwa palepale kwa sababu filimbi haisikii. Basi wakakaa wawili kando ya uwanja na rundo la malapa ya wenzao, vumbi la mpira likiwajia usoni, na hapo ndipo walipotunga lugha yao ya mikono.

Aliyewatoa kwenye malapa alikuwa baba. Yeye alikuwa mtu wa Ifakara, amekulia kwenye mto mkubwa, na hakuelewa kwa nini mtoto afundishwe kuogopa maji. Kulikuwa na kidimbwi chini ya mawe, mahali mto ulipopumzika kidogo. Akamlaza Sauda majini, kiganja chake chini ya tumbo, siku baada ya siku, mpaka siku moja akaondoa mkono bila kusema. Sauda akaenda. Kule majini miguu haikuulizwa. Mikono ndiyo iliyoulizwa, na mikono ya Sauda ilikuwa imekomaa kwa kujikokota tangu utotoni. Alizama huku akaibukia kule. Watoto walewale waliomcheka shuleni wakawa wanamngoja yeye aseme mchezo uanze vipi. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama dada yangu akiwa ndani ya kidimbwi kile.

Idi hakupenda kulowa kichwa. Alikaa juu ya jiwe akiamua nani ameshinda, na macho yake hayakutoka kwenye maji. Sisi hatukuwa na haja ya kutazama chochote, tulikuwa na king'ora. Mimi, mdogo kuliko wote, nilikaa kwenye jiwe bapa nikilinda vyuma vya Sauda, nikajiona mtu mkubwa.

Kisha redio ikaanza kusema habari za soko huria. Dukani kwa Mhindi zikajaa sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuzinusa, na kiwandani wakaja watu wenye mikoba, wakazunguka, wakaondoka. Siku moja baba alirudi mapema akiwa na kikombe chake cha kazini mkononi. Kiwanda kimesimama, alisema, mpaka apatikane mnunuzi. Tangu hapo alishinda barazani amevaa sare yake iliyopigwa pasi, na king'ora hakikulia tena. Siku za kwanza maharage yaliungua nyumba nyingi, na yule mlevi akabaki hana kizuizi. Watu walicheka. Lakini hakuna hata mmoja aliyeukumbuka mto. Bibi aliendelea kutuambia, "King'ora kikilia, kila mtu nje," nasi tukaendelea kuitikia, "Ndiyo, bibi."

Siku yenyewe ilikuwa nzuri mno. Anga juu yetu lilikuwa jeupe kwa jua, na mawe yalichoma makalio. Mlima tu ndio uliokuwa umejifunika kichwa, na hilo halikuwa jambo geni. Tuliogelea, tukaogelea. Nakumbuka niliona ajabu kwamba furaha ya siku ile haikuwa na mwisho, na wala sikujua kwa nini iliniletea hofu kidogo, kama mtoto aliyeachiwa sukari na hakuna mtu mzima karibu.

Ghafla Idi akasimama juu ya jiwe lake. Majani makavu yalikuwa yanapita, kisha povu, kisha maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Akazungusha ngumi zake mbili, moja ikibingirika juu ya nyingine, haraka haraka. Watoto wakaangua kicheko. Sauda peke yake alielewa. Mawe, alikuwa anasema. Mawe yanabingirika.

"Tokeni!" Sauda alipaza sauti. "Maji hayo! Tokeni!"

Hakutoka yeye kwanza. Aliogelea mpaka upande wa pili walipokuwa watoto wawili wadogo walioganda kwa woga, akawasukuma mmoja mmoja mpaka ukingoni, na Idi akawavuta juu kwa nywele na kwa nguo, kisha akanirudia mimi akaninyanyua kwa gauni. Mwisho akamshika Sauda kwapani. Hapo ndipo tuliposikia ngurumo, si ya mbinguni bali ya ardhini. Maji yakaja na mgomba mzima ukiwa na mkungu wake, yakaja na mbuzi aliyekufa. Jiwe langu bapa likamezwa, na vyuma juu yake. Sote tulikuwa hai. Idi alikuwa analia bila sauti, Sauda amemlaza kichwa begani.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba alishuka kutoka mlimani siku ya pili, tukamwamkia shikamoo, akakaa akitazama miguu ya Sauda iliyonyooshwa mkekani.

"Huyu na yule bubu wasikanyage tena mtoni," alisema.

"Lakini shemeji," baba alisema taratibu, "hawa ndio waliowatoa wenzao."

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Mungu ameshampunguzia mtoto huyu, nawe unataka kumwongezea?"

Baba alianza kukunja mikono ya sare yake. Alikuwa mgeni kwa ukoo wetu, na sasa alikuwa mgeni asiye na kazi. Bibi alitazama chini. Sauda hakulia. Alinitazama mimi, kana kwamba mimi wa miaka minane ningeweza kusema kitu.

Mvua zilipopungua watoto wengine walirudi kidimbwini. Hakuna aliyewakataza, walichapwa siku ile ile, yakaisha. Tukikaa uani tuliwasikia wakipiga maji. Idi aliwekwa kwenye cherehani ya baba yake kukata nyuzi. Sauda alikaa miezi mingi bila vyuma, na alipotengenezewa vingine alirudi shuleni, siku ya michezo mwalimu akamwonyesha mahali pake kando ya viatu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mto ulitaka kumchukua dada yangu, na wakubwa wakamwokoa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoelewa. Mto ulituma majani, ukatuma povu, ukabadili rangi. Mwenye macho aliona. Nyumbani kwetu hakukuwa na dalili yoyote. Tulikuwa tumeketi tu, watu wanaompenda, chai ikiwa mezani, na mtoto akachukuliwa mbele yetu sote.

Jioni ya siku ile ya king'ora cha dukani nilikwenda kwake. Nilimkuta kibarazani, mashine ya kushonea mbele yake, mabega yake bado mapana. Nikamsimulia kisa cha getini na muuza mkaa, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Hata mimi nilikisikia," alisema. "Nikatazama mlimani. Hakukuwa na wingu hata moja, mdogo wangu. Tungeogelea mpaka magharibi."