Sindano za Mae

Mama yangu, ambaye nyumbani tulimwita Mae kama Wahaya wengi, aliuza ndizi na maharage sokoni Muleba. Nimefanya biashara maisha yangu yote, sijakutana na mtu wa kupatana bei kama yeye. Alipatana kwa sikio. Mteja akimnong'oneza mwenzake, "Chukua tu, ni rahisi," bei imeshapanda.

Wakati wa ujamaa akaugua kifua kikuu. Zahanati ya kijiji ilikuwa mpya, bati bado linang'aa, na matibabu ni bure. Hapo ndipo Mae alipopotea. Kitu cha bure hakina bei ya kupunguza, basi yeye akapatana kuongezewa.

"Waitu daktari," akaanza kwa heshima ya Kihaya, "kichupani umebakiza dawa. Nimalizie na hiyo ya chini."

"Mama, hii si maharage. Haina nyongeza."

"Nyongeza ipo kila mahali, ni moyo wa mtu tu."

Mganga wa zahanati alikuwa kijana mpole kutoka Kibeta. Kabla ya kuchoma aliuliza kila mara: masikio yanalia? Unayumba ukitembea? Alitueleza kwamba dawa ile huua wadudu wa kifua lakini inaweza kuharibu masikio, na yakishaharibika hayarudi. Mae alijibu hapana, kwa sauti ya muuzaji anayeapa kwamba ndizi zimekatwa leo.

Kumbe yalikuwa yanalia. Aliniambia njiani, anacheka: "Yanaimba kama nyenje. Sasa dawa imefika kichwani." Kwetu ndivyo tulivyoamini, sindano isiyosumbua haifanyi kazi. Tena alijua akisema atanyimwa.

Siku ya soko nikakaa naye. Mama mmoja aliyesimama nyuma yake akataja bei nzuri kabisa, akairudia. Mae hakugeuka. Mteja akahamia kwa jirani. Mae alipoinuka, akapepesuka na kushika nguzo ya banda.

Kesho yake nikamfuata zahanati.

"Daktari, masikio yake yanalia, na anayumba."

Mae akanigeukia. "Mwanangu wa kumzaa, unanichongea?"

"Nakuchongea, Mae. Kwa sauti ili usikie."

Mganga akaweka bomba chini. "Sindano basi. Utaendelea na vidonge."

Mae akavihesabu vile vidonge, akavihesabu tena, uso wa mtu aliyepunjwa. "Basi moja ya mwisho, ya kuagana."

"Hata nusu, mama."

Ni mara ya pekee nilipomwona akiondoka bila nyongeza.

Kifua kilipona. Masikio yakabaki pale yalipofikia. Angechelewa zaidi, pengine asingebaki na kitu. Nyumba yetu ikawa ya kupaza sauti. Migomba yote ya jirani ilijua tunapika nini na nani kamkasirikia nani. Mae aliishi hivyo hadi uzee wake, na mpaka leo nikibisha hodi kwa watu, wenyewe hushtuka, maana bado natoa salamu kwa sauti ya kumfikia yeye jikoni.