Taisto Rautakorpi na Kidonge cha Rangi ya Karoti

Wanaume wa ukoo wa Rautakorpi walikuwa na namna yao ya kufa. Baba yake Taisto alianza kukohoa alipokaribia kustaafu, na mwaka haukuisha. Kisha Urho, kifungua mimba wake, akakamatwa na kikohozi kilekile. Alizikwa majira ya baridi, ardhi ikiwa ngumu kama chuma, ikabidi wachimba kaburi waiwashie moto kwanza ili ilainike. Mdogo wake, Taisto, alisimama kando ya kaburi na kofia yake ya manyoya mkononi, akavuta sigara mpaka ikamuunguza vidole.

"Hii ni damu yetu," alimwambia mkewe Helvi njiani kurudi nyumbani. "Zamu inayofuata ni yangu."

"Damu yenu inanuka tumbaku," Helvi akajibu, wala hakugeuza shingo.

Taisto aliendesha winchi katika bandari ya mbao, kusini-magharibi mwa Ufini. Alishinda peke yake juu kule katika kibanda cha vioo akipakia mbao melini, na mwenzake wa kuzungumza naye ilikuwa sigara. Alijifunza kuvuta jeshini, kama karibu kila kijana wa rika lake. Mboga aliyoijua ni kiazi. Helvi alipomwekea kabichi kwenye sahani aliisogeza ukingoni kwa uma, taratibu, kama mtu anayehamisha mdudu bila kumuumiza.

Miaka ya themanini ikielekea ukingoni, madaktari walianza kutafuta wanaume wavutaji wa umri wake. Ilikuwa imeonekana kwamba watu wenye vitamini nyingi katika damu, wale wanaokula karoti na majani kwa wingi, hawapati sana saratani ya mapafu. Basi wakataka kujua: mvutaji akipewa vitamini hizo kwenye kidonge, je, zitamkinga? Baadhi ya wanaume wangemeza vidonge vyenye vitamini, wengine vitupu, na hakuna ambaye angeambiwa amepata vya aina gani. Hata muuguzi asingejua.

Kwa Taisto hiyo ilikuwa kama kutupiwa kamba akiwa majini. Alijiandikisha siku ileile aliyosikia.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Marjut, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Alimtoa damu, nyingine akaihifadhi kwenye jokofu la utafiti, kisha akamkabidhi vidonge vya rangi ya karoti, sawa na vya wenzake wote.

"Hiki si kibali cha kuvuta, Taisto," alimwambia. "Ukiweza kuacha, acha."

"Nikiacha si nitawaharibia utafiti wenu, sista?"

Marjut alijitahidi asicheke, akashindwa.

Kila asubuhi Taisto alimeza kidonge kwa kahawa, kisha akawasha sigara ya kwanza roho yake ikiwa imetulia. Aulis, waliyefanya naye kazi zamu moja, alimwita sungura. "Sogeeni," alikuwa akisema kwenye chumba cha mapumziko, "sungura amekuja, ameshameza bustani yake." Taisto hakujali. Baada ya muda viganja vyake vilianza kugeuka manjano, kama vya mtu aliyekula karoti kupita kiasi, na Helvi akamgeuza mikono dirishani aitazame vizuri.

"Wewe umepewa vya kweli," alisema.

"Ndiyo maana sikohoi."

"Unakohoa. Hujisikii tu, umezoea."

Hata hivyo alizidi kuvuta. Aliona ana mlinzi.

Miaka ikapita, matokeo yakatoka. Marjut alimwita zahanati na kumwekea kiti karibu na chake badala ya ng'ambo ya meza, na Taisto akajua kuna jambo.

"Vile vidonge vyenye vitamini ya karoti havikuwakinga wavutaji," Marjut alisema. "Waliovimeza waliugua saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiovimeza."

"Na mimi?"

"Orodha imefunguliwa sasa. Ulivimeza."

Taisto alitazama viganja vyake. "Kwa hiyo mlikuwa mnanilisha sumu."

"Tulikupa kitu ambacho sote tuliamini ni kizuri. Mimi mwenyewe nilitamani uwe umepata hicho, si kile kitupu." Marjut alimsogezea karatasi ya matokeo. "Kama tusingepima, watu wangeendelea kujinunulia na kumeza mpaka leo. Lakini najua hilo halikusaidii wewe."

Picha ya kifua aliyopigwa siku hiyo ilionyesha mapafu yaliyochoka, lakini hayakuwa na uvimbe. Marjut akamwambia kwamba hatari ya kile kidonge haikuwa kubwa kama hatari ya sigara zenyewe, na kwamba hakuchelewa kuacha.

Taisto alitoka nje akakaa ndani ya gari. Alikuwa na hasira, ila kadiri alivyokaa ndivyo hasira ile ilivyomgeukia. Hakuna aliyemwambia avute zaidi. Aliongeza mwenyewe, kwa sababu alitaka sana kuamini kwamba kitu kidogo cha kumeza kinaweza kufuta kitu kikubwa anachokivuta. Pakiti iliyokuwa mfukoni alimpelekea Aulis.

"Unaumwa?" Aulis aliuliza.

"Bado."

Majira ya joto yale yalikuwa mabaya. Alitafuna peremende nyeusi za chumvi mpaka ulimi ukachubuka. Aligombana na Helvi kwa sababu ya kijiko. Kwenye sherehe za katikati ya majira ya joto, moto ukiwaka ufukweni na watu wakiimba, aliomba sigara moja, akavuta, kisha akakaa nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, akiona aibu mpaka Helvi alipomfuata.

"Umevuta moja," Helvi alisema. "Hujavuta zote. Inuka tukale samaki."

Akainuka. Hakuvuta tena.

Mwaka mmoja baada ya Taisto kustaafu, binti yao Kaisu, fundi umeme, alikuja kuwatembelea, naye alikuwa akivuta barazani na kukohoa. Helvi alipomsema, Kaisu alicheka bila furaha.

"Mama, babu alikufa hivyo, baba mkubwa akafa hivyo. Kama iko kwenye damu, kuacha kutanisaidia nini?"

Wakati huohuo watafiti walikuwa wakiwaomba wazee wa ule utafiti ruhusa ya kuchunguza vinasaba katika damu yao iliyohifadhiwa, na waliitisha mkutano zahanati. Taisto akamwomba Kaisu ampeleke kwa gari.

Mtafiti, Daktari Ilta Vainikka, alieleza kwamba kuna watu ambao miili yao, kwa kurithi, huzidiwa na moshi upesi kuliko ya wengine. Akasema pia kuna vitamini zilizoonekana kuwa chache katika damu ya baadhi ya waliougua, ila hawakujua kama uchache huo ulichangia ugonjwa au ulikuwa alama tu ya maisha yao. "Na safari hii hatutawapa vidonge kwa haraka," aliongeza. Wazee wakacheka, wengine kwa uchungu.

Taisto akainuka. "Kaka yangu aliuawa na damu au na moshi?"

"Kwa mtu mmoja siwezi kusema," daktari alijibu. "Huenda vilisaidiana. Ila moshi ulikuwa na sehemu kubwa zaidi."

Kaisu naye akauliza kutoka nyuma, bila kusimama. "Na mimi nikiwa nimerithi vile vibaya?"

"Basi una sababu kubwa zaidi ya kuacha kuliko jirani yako. Vinasaba ulipewa, huna la kufanya. Sigara unaiwasha mwenyewe."

Taisto alitoa ruhusa. "Itumieni," alimwambia daktari. "Kwenye jokofu haina kazi nyingine."

Kaisu hakuacha siku ile. Aliwasha sigara palepale mlangoni, na baba yake akamngoja kando ya gari. Ilimchukua mpaka majani yalipoanza kudondoka. Asubuhi moja simu ikalia.

"Baba, natamani kumpiga mtu."

"Nani?"

"Yeyote. Aliye karibu."

"Basi unaendelea vizuri. Uliacha lini?"

"Juzi."

"Njoo huku. Kuna magogo ya kupasua, na mama yako ameoka mkate wa iliki. Usiongee nasi kama hutaki."

Kaisu alikuja. Alipasua kuni mpaka mchana bila kumsemesha mtu, baba yake akizipanga ukutani mwa sauna, mama yake akiwaletea kahawa na kurudi ndani. Alipoweka shoka chini, mashavu yalikuwa mekundu na pumzi ikimtoka kwa nguvu.

"Inaisha lini hii?" aliuliza.

"Inapungua," Taisto alisema, akimpisha kwenye benchi. "Kula kwanza."