Hapa Hatukati Saa

Shangazi Bahiga anashona mikanda ya saa za zamani katika soko la Attarine, Aleksandria, tangu mumewe afariki. Jana Ustadhi Rushdi, muuza saa anayempa karibu kazi zake zote, alimletea saa ya miaka ya thelathini. Vijiti vya kushikia mkanda vilikuwa vimechomelewa kwenye saa yenyewe, havitoki, kama saa nyingi za wakati ule, kwa hiyo mkanda uliokwisha kushonwa hauingii.

"Vikate, bibie. Utie mkanda wa mamba na bizimu linalong'aa."

"Sikati. Vikikatwa havirudi. Nitavizungushia ngozi ya mbuzi niishonee hapo hapo, na bizimu jembamba la enzi zake."

"Nani atajua?"

"Mimi. Na wewe pia, masikini."

"Basi kazi zangu zote nampelekea fundi mwenzako Shenuda."

"Mpelekee. Msalimie na mkewe."

Rushdi alichukua saa yake, akaenda kwa hatua za polepole, akingoja kuitwa. Hakuitwa.

Leo asubuhi meza ya shangazi haina hata saa moja. Ameandika kwenye kibao, kwa herufi kubwa, "Hapa hatukati saa," akakitundika mlangoni. Sasa amekaa chini yake anakunywa chai, akiwatazama wapita njia kana kwamba wao ndio wenye shida.