Nafasi ya Yaya kwenye Mkeka

Baba alifariki alfajiri, na kabla jua halijapanda wazee wawili wa kanisa letu walikuwa wameshafika nyumbani. Waliomba pamoja nasi, wakamshika mama mkono. Kisha mmoja wao akatuita mama na mimi nyuma ya jiko, akauliza kama yaya amepata habari.

Yaya ni dada yangu mkubwa. Anaishi Tchomia, kule ziwani, na mume wake anauza samaki wa kukausha. Mumewe ni Mkatoliki, mtu wa Mahagi. Yaya alipoolewa alianza kusali pamoja naye, na alipopokea komunyo katika kanisa la mumewe, kundi letu lilimtenga. Sisi ni kundi dogo hapa Bunia, na kutengwa kwetu kuna maana yake kamili: mtu hasalimiwi, na hakuna ndugu wa kanisa anayekula naye, hata mama aliyemzaa. Asiyeishi hapa anaweza kuona kwamba kukosa salamu ni jambo dogo. Lakini katika mji huu unamsalimia muuza makaa, unamsalimia mwenye moto, yule wa pikipiki anayekungoja kwenye kona, unamsalimia tena mtu uliyemsalimia saa moja iliyopita. Kupitwa kimya na watu waliokufundisha kuimba ni kama kuambiwa kwamba huonekani.

Nieleze pia desturi yetu ya matanga. Mjane, dada na mabinti wa marehemu, nami nikiwamo, wanakaa kwenye mkeka mmoja karibu na mwili. Wanaokuja kutoa pole wanapita kwa mstari na kuwapa mkono mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna anayerukwa. Kumruka mmoja ni kutangaza mbele ya watu wote kwamba una ugomvi na nyumba ile. Kwa hiyo yaya angekaa kwenye mkeka, ndugu wa kanisa wangelazimika ama kumpa mkono, ama kumruka mbele ya baba yake aliyelala.

"Akikaa pale, siye hatutaingia," mzee alisema. Hakusema kwa ukali, alionekana amechoka. "Na kama hatuingie, hakuna wa kumuombea muzee kwa kaburi."

Mama alijifunika uso kwa kitenge. "Bwana yangu azikwe sawa na mutu asiye na kanisa?"

"Ndiyo maana tunaongea mapema, mama." Halafu akanigeukia. "Weye ni mwalimu. Weye unajua kueleza. Mwambie polepole."

Ni kweli, mimi ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo. Watu wananiletea maswali yao kwa sababu sichoki kurudia. Nilijibu kwamba nitamweleza, na ndani ya huzuni ile nilijisikia vizuri kidogo kwa kuaminiwa. Nikikumbuka asubuhi ile, hapo ndipo ninapotamani kufumba macho.

Yaya na mume wake walifika karibu na saa sita, wote wawili kwenye moto moja, wamejaa vumbi jekundu la njia hadi kwenye nyusi. Yaya alifungua mikono aje kunikumbatia. Mimi nikampokea mfuko. Nikawapeleka pembeni ya shitingi, lile turubai tulilofunga kwa ajili ya wageni, nikaanza kuzungushazungusha maneno, nikiuliza habari za safari. Shemeji, ambaye inaonekana yaya hakuwahi kumweleza kwamba ametengwa, ndiye aliyenikatiza.

"Shemeki, nieleze mie. Pale kwa mulango ba mama ba kanisa wametupita tu. Bibi yangu amekosana nabo?"

"Hapana, hajakosana na mutu."

"Sasa?"

"Mwache akueleze," yaya alisema, akipangusa macho. "Huyu ni mwalimu. Akianza, hata mawe inaelewa."

Basi nikaanza, kama ninavyoanza darasani, hatua kwa hatua. Nilisema Yesu alifundisha kwamba ndugu akikosa, uende kwanza uongee naye mkiwa wawili tu. Akikataa, uchukue mtu mwingine au wawili. Akikataa tena, ulipeleke neno kwa kanisa. Na akikataa hata kanisa, basi awe kwako kama mtoza ushuru.

"Mutoza ushuru ni nani?" shemeji aliuliza.

"Ni ule anakusanya kodi ya serikali. Watu walikuwa wanamukimbia."

"Ah, sawa na bale ba duane ya kule bandarini!" Yaya alicheka licha ya kilio, maana watu wa forodha wanawasumbua sana wauza samaki. Shemeji mwenyewe hakucheka. Alikuwa anafuata somo kwa makini, kama mwanafunzi mzuri. "Na Yesu, batu ya duane alikuwa anawafanyia nini?"

Nilijifanya kukaza kamba ya shitingi. Si kwamba sikujua. Kila mwaka nafundisha habari ya yule aliyekuwa ameketi mezani kwake akikusanya kodi, Yesu akamwita, na jioni wakala pamoja nyumbani kwake mpaka wenye dini wakanung'unika. Nafundisha habari ya yule mtoza ushuru mfupi aliyepanda mti. Watoto wanaipenda, wanaiimba kwa mikono. Ningeweza kuzisimulia zote mbili nikiwa usingizini. Lakini sikuwa nimewahi kuziweka karibu na lile agizo la kutenga, zikatazamana.

"Alikula kwao," nilisema.

"Sasa shida iko wapi? Tuingie, tukule."

Hakuwa ananikejeli. Alidhani nimemaliza, na kwamba jibu ndilo hilo. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kuona mahali mtu alipoelewa, niliona kwamba ameelewa vizuri kuliko nilivyotaka. Ningeweza kumwambia kwamba mtume aliandika msile na mtu wa namna ile. Lakini hapo pia ningelazimika kumaliza habari: kwamba mtume huyohuyo alikuja kuliomba kanisa limsamehe na kumfariji yule waliyemwadhibu, asije akamezwa na huzuni. Kila njia niliyojaribu ilinirudisha palepale. Nikaacha kueleza, nikatoa agizo.

"Yaya, mama anasema usikae kwa mukeka."

Nilitumia jina la mama, ambaye hakuwa amesema hivyo. Nilijua kwamba jina langu halingetosha kubeba neno lile.

Yaya aliacha kupangusa macho. "Mama ndiye amesema?"

"Ndiyo."

"Basi nikae wapi? Nikae kwa miti?"

Hakuna aliyepanga akae wapi. Tulikuwa tumepanga tu asikae.

Mama mmoja Mwislamu, jirani yetu, mke wa mnunuzi wa dhahabu anayekwenda mara kwa mara machimboni Nizi, alikuwa amesikia kutoka upande wake wa ua. Alimwita yaya kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kuja hapa, mama. Mukeka iko mukeka." Akamtandikia wa kwake chini ya dirisha lake, akaketi pembeni yake, akaanza kumlilia pamoja naye baba yetu, ambaye alimjua kwa salamu tu.

Nilirudi kwenye nafasi yangu. Ndugu wa kanisa wakaingia kwa mstari, wakatupa mkono mmoja mmoja: mama, shangazi, mimi. Hakuna aliyerukwa. Na kila walipoacha kidogo kuimba, tulisikia sauti ya yaya ng'ambo ya ua ikimwita baba kwa jina la nyumbani. Majirani, wenye moto, wamama wa soko, Waislamu na Wakatoliki, walitupa pole sisi kisha wakazunguka ua wakampa na yeye. Waliona msiba mmoja wenye mikeka miwili na hawakuuliza kitu. Mimi nilitazama mikono yangu.

Sijui sauti ile ilikuwa imepanda mara ya ngapi mama alipoanza kuinuka. Nilimshika kitenge.

"Mama, mjane hatoke kwa mukeka."

"Niachilie."

"Wazee watasema nini?"

"Mutoto yangu iko analia kwa jirani," mama alisema, "na weye unanieleza desturi?"

Akavuta nguo yake kutoka mkononi mwangu. Alitembea taratibu mbele ya watu wote, akazunguka ua, akakaa kwa jirani, kichwa cha yaya magotini mwake. Nilibaki na shangazi. Nilijiambia kwamba lazima mtu abaki kupokea wageni. Unaona jinsi nilivyo: hata kwa jambo lile nilipata maelezo.

Wazee walishauriana karibu na mlango, kisha wakaondoka na kwaya yao, bila kelele. Mchana ule majirani walimbeba baba. Kaburini yaya alimwaga udongo wake baada ya mama, kama inavyompasa mtoto wa kwanza. Hapakuwa na mchungaji, na watu walianza kutazamana, mpaka shemeji alipoanzisha sala ya Bwana, ile ambayo Wakatoliki wanaijua na sisi tunaijua. Niliisema na wengine. Tulipofika pale tunapoomba kusamehewa kama sisi tunavyosamehe, midomo yangu iliendelea lakini sauti haikutoka.

Yaya alirudi Tchomia baada ya matanga kwisha. Hakunigombeza. Aliponiaga alinipa mkono kama mgeni mwenye adabu, na ningependa zaidi anitukane.

Juma hili wazee walikuja tena. Wameamua kwamba mama akae benchi la nyuma, asishiriki meza ya Bwana mpaka akiri kosa lake mbele ya kundi, na kama hatakiri atatengwa kama binti yake. Waliniomba nimweleze. Nilisema siwezi. Usidhani ulikuwa ujasiri. Nilisema kwa sauti ndogo sana hivi kwamba walidhani bado nina kilio cha baba, wakanipa pole, na mimi sikuwasahihisha.

Nawaandikia ninyi mlio na mtu wenu huko nje, awe mtoto, awe ndugu, ambaye mmeambiwa msimsalimie. Siwahukumu. Najua hofu ile: kwamba ukimpokea yeye utawapoteza wengine wote, na kwamba siku yako ya kufa hakuna atakayekuimbia. Ni hofu ya kweli. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba msisubiri mpaka hofu iishe au mpaka mpate maelezo mazuri. Mama hakuwa na maelezo yoyote. Alisikia tu sauti ya mtoto wake.

Kesho ni Jumapili. Darasa la ubatizo linakaa mbele, upande wa kulia, na mahali pangu ni pamoja nalo. Mama atakuwa nyuma peke yake. Nimeamua kwenda kukaa naye. Sijamwambia, kwa sababu mimi mwenyewe siniamini sana; ndiyo maana naandika hapa usiku huu, na barua ya kuacha kufundisha darasa nimeshampa yule mama jirani awapelekee wazee, ili asubuhi nisipate njia ya kujieleza upya.