Dobi Aliyemtoa Baba Mkwe Uwanjani

Pale pembeni, barabara ya juu inapokutana na ya chini, palikuwa na kibanda cha dobi ambaye mtaa mzima ulimwita Sawa Tu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye cheti cha ndoa na mdomoni mwa mama yake. Ukimpelekea shati ukamwambia unalitaka kabla ya adhuhuri, alikujibu sawa tu. Ukirudi adhuhuri ukalikuta bado linachuruzika kwenye kamba, ukamfokea mpaka mishipa ikakutoka, alikujibu sawa tu. Kuna mama aliwahi kumletea pazia lenye tundu, akadai ni pasi yake ndiyo iliyolitoboa. Sawa Tu akalitazama lile tundu, akaona wazi alama za meno ya panya, akachukua sindano akalishona.

Si kwamba alikuwa mjinga. Hakupenda kelele tu. Akishika pasi alikuwa mtu mwingine kabisa: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mgongo mwisho, na mkono wake haukusita hata mara moja. Lakini akiinua uso na kukutana macho kwa macho na mwenye shati, ujasiri wote ulimwishia, akawa mlegevu kama nguo iliyosahaulika kutiwa wanga.

Mkewe alikuwa msusi, na kama walivyo wasusi wengi, maneno hayakumpungukia. "Wewe baba watoto," alimwambia, "siku mwizi akiingia humu ndani utamuuliza kama anataka mfuko wa kubebea." Sawa Tu alicheka. Alijua ni kweli.

Sasa, nyuma ya maduka kulikuwa na uwanja wa vumbi. Kila Jumapili alasiri, wanaume waliokwisha kuvuka miaka arobaini walikusanyika hapo kucheza mpira, mtaa wa juu kwa mtaa wa chini. Walisema wanacheza ili kujipa raha na kupunguza matumbo. Matumbo hayakupungua, na raha nayo ilikuwa haba, maana walibishana kuliko walivyokimbia. Mwamuzi wao wa zamani, fundi baiskeli, aliacha kazi hiyo siku alipokimbizwa hadi uani kwa watu, akakutwa amechutama nyuma ya pipa la maji, filimbi bado iko mdomoni na kila akihema inalia yenyewe.

Ikabidi atafutwe mtu asiyekuwa wa juu wala wa chini. Kibanda cha dobi kilikaa katikati. Basi mwenye bucha, ambaye alikuwa nahodha wa mtaa wa chini na mwenye mwili wa kutosha watu wawili, akaenda kumwona. Alimkuta amepiga magoti chini ya meza akitafuta soksi. Alikuwa na soksi moja nyekundu ya mteja, na mwenzake ameyeyuka.

"Kaka," akasema mwenye bucha, "tumekaa tukaona wewe ndiye unayetufaa kuwa mwamuzi."

"Sawa tu," ikajibu sauti kutoka kule chini ya meza.

Alipotoka, utando wa buibui kichwani na soksi haijapatikana, mwenye bucha alikuwa ameshaondoka. Mezani, juu ya rundo la mashuka, kulikuwa na filimbi.

Jumapili zake za kwanza zilikuwa kichekesho. Alipuliza filimbi kwa woga, kama mtu anayepuliza chai ya moto, kisha akamsogelea mchezaji na kumuuliza, "Samahani, kaka, nimeona kama umeshika mpira kwa mkono. Au macho yangu?"

"Macho yako," alijibiwa.

"Sawa tu. Endeleeni."

Watu wakampenda sana. Kila upande uliona kwamba mwamuzi ni wao.

Shida ilikuwa moja, na shida hiyo ilikaa golini. Golikipa wa mtaa wa juu alikuwa baba yake mkwe, dereva mstaafu wa malori, ambaye walimwita Breki. Mzee huyu alizungumza na kila mtu kana kwamba bado yuko nyuma ya usukani na mwenzake ni mwendesha baiskeli aliyemkatia njia. Alikuwa golini tangu binti yake hajaolewa. Zamani alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Siku hizi mipira ilimpita huku akiitazama tu, na kila bao lilikuwa na sababu yake: leo jua, kesho vumbi, keshokutwa mabeki ambao, kwa maneno yake, wangefaa zaidi kuwa nguzo za umeme. Nani angemwambia aache? Mabeki wenyewe walimwogopa. Mkewe alishakata tamaa. Na mkwewe ndiye huyo tunayemjua.

Jumapili iliyoharibu mambo, mwenye bucha alikuja uwanjani amevaa shati jeupe la mikono mifupi. Sawa Tu alilitambua mara moja, maana alikuwa amelihangaikia tangu Ijumaa. Lilikuja limejaa madoa ya damu ya ng'ombe. Alililoweka, akalisugua, akalianika, akaona bado, akaliloweka tena, na lilipotoka likawa linang'aa mpaka mtu anaona haya kuligusa. Alisikitika kidogo kuliona katika vumbi, lakini shati ni la mwenyewe.

Mpira ulikuwa umekaribia kumalizika na hakuna aliyefunga. Mwenye bucha akapenya kati ya mabeki wawili, akabaki yeye na golikipa. Breki akatoka golini. Mpira ukampita kushoto, mwenye bucha akampita kulia, na mzee alipoona vyote viwili vinamponyoka, akanyoosha mkono akadaka kilichokuwa karibu. Akadaka kola.

Shati likachanika toka shingoni hadi chini.

Dobi huijua sauti ile hata akiwa usingizini. Kabla Sawa Tu hajafikiri lolote, filimbi ilikuwa imeshalia, na haikulia kwa woga. Ililia mpaka mbwa wa mwenye duka akaamka. Mkono wake ukanyooka peke yake kuelekea pale wanapopigia penalti.

Breki akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama anayetaka kujua ni nani mwingine aliyepigiwa.

"Unampulizia nani?" akauliza.

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Umemshika, baba. Umemchania shati."

Breki akaufuata mpira taratibu, akauokota, akarudi nao golini, akaukalia. "Penalti haipigwi," akasema. "Kijana, unakumbuka mimi ni nani? Mimi ndiye niliyekupa mke!"

Sawa Tu alikaribia kusema sawa tu. Lakini mwenye bucha alikuwa amesimama pembeni na vipande viwili vya shati, kimoja kila mkono, na kuviona vile kulimtia Sawa Tu uchungu ambao hajapata kuujua.

"Mke nakushukuru sana, baba," akasema. "Sasa nipe mpira."

Kicheko kikalipuka. Breki akazidi kujikita juu ya mpira kama kuku anayeatamia. Akasema watangoja hapo mpaka kiama. Sawa Tu akaingiza mkono mfukoni. Kadi hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba katika mpira huu ingehitajika kadi. Alichokishika humo mfukoni ni ile soksi nyekundu, ambayo alikuwa akitembea nayo wiki zote hizo akitumaini kukutana na mwenzake. Akaitoa, akainyanyua juu.

"Hiyo ni soksi," akasema Breki.

"Ni soksi nyekundu, baba. Toka nje."

Watu walivunjika mbavu. Beki mmoja alicheka hadi akalala chini. Mzee akainuka kwa shida, akajipangusa vumbi, akatoka akipepesuka kwa hasira bila kutazama nyuma. Penalti ikapigwa, bao likaingia, na Sawa Tu akamaliza mpira soksi ikiwa bado mkononi.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Saluni haihitaji simu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Karibu, mheshimiwa," akasema. "Nasikia siku hizi unafukuza wazee."

"Mama watoto, alishika mtu shati."

"Kwa hiyo ukamwonyesha baba yangu soksi? Ya nani?"

"Ya mteja."

"Chafu au safi?"

"Safi."

"Afadhali," akasema mkewe, akaingia ndani, na hakusema naye tena jioni ile, jambo ambalo kwa msusi ni adhabu kubwa kwa pande zote mbili.

Kesho yake mama mkwe akapiga simu. "Mkwe wangu, baba yako amesema hatakula mpaka uje umwombe radhi."

Sawa Tu akaiweka pasi chini. "Hajala tangu jana, mama?"

"Amekula, tena ameongeza. Nakupa salamu zake tu kama alivyonituma."

Basi jioni wakaenda, yeye na mkewe. Njiani Sawa Tu alikuwa akifanya mazoezi ya maneno: baba, nimekosa, baba, nilipitiwa, baba, ni shetani tu. Mkewe alimsahihisha hapa na pale, akimtaka aanze na salamu ndefu na asitaje shati kabisa.

Walimkuta Breki kwenye kiti chake sebuleni, suruali ameikunja mpaka mapajani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hakuitikia salamu. Mama mkwe akamvuta binti yake jikoni, wakaacha mlango wazi kidogo ili wasipitwe.

Sawa Tu akapiga moyo konde. "Baba, nimekuja kukuomba..."

"Nyamaza!" Mzee akamkata kwa sauti ya chini, akatupa jicho upande wa jikoni. "Sogea hapa. Karibu. Usithubutu kuniomba radhi."

"Baba?"

"Ukiniomba radhi, itabidi nikusamehe. Nikikusamehe, itabidi nirudi golini." Akainua mguu mmoja kutoka majini, na goti lilikuwa limevimba kama boga. "Unaona hili? Mwaka mzima. Kila Jumatatu mama yako ananishika mkono kwenda bafuni. Lakini ningewaambiaje wale? Kwamba Breki amechoka? Wangenikalia kichwani. Sasa sikuchoka. Nimeonewa. Mtu aliyeonewa ana heshima yake."

Sawa Tu alilitazama goti, akamtazama mzee, na kwa mara ya kwanza toka amwoe binti wa watu akaona kwamba baba mkwe wake alikuwa na macho ya kawaida kabisa, tena yenye haya kidogo.

"Sasa tufanyeje, baba?"

"Gomba nami."

"Siwezi, baba."

"Utaweza. Jana uliweza." Hapo Breki akapanua kifua, akanguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini: "HUNA ADABU WEWE!" Kisha akamwashiria kwa kidole: haya, zamu yako.

"Uamuzi ni uamuzi, baba," akasema Sawa Tu.

"Sauti!" akanong'ona mzee.

"UAMUZI NI UAMUZI, BABA!"

"SIKANYAGI TENA GOLINI NIKIWA HAI!"

"USIKANYAGE!"

Jikoni sufuria likaanguka. Breki alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo, mabega yanamtikisika, machozi ya kicheko yanamtoka. Sawa Tu naye akaonja utamu wa kupaza sauti, akaongeza kwa hiari yake kwamba na wiki ijayo akija na makosa atamtoa, na wiki ya baada yake pia, mpaka mzee ikabidi amtulize kwa mkono, imetosha, mwanangu, imetosha, na hii iwe siri yetu wawili, naye akaahidi.

Wakirudi nyumbani, mkewe alimkamata mkono. "Sikujua una sauti hiyo," akasema. Sawa Tu akataka kumweleza, lakini alikuwa ameahidi. Tena, aliona hakuna ubaya wa kutazamwa namna ile mara moja moja.

Tangu hapo hakugeuka simba. Bado ukimletea shati alikuambia sawa tu. Ila yule mama wa pazia aliporudi, safari hii na shuka lenye tundu, alimwonyesha zile alama za meno moja moja akamshauri atafute paka. Mama akaduwaa, akashukuru, akaondoka na shuka lake.

Breki naye alipata kazi mpya. Kila Jumapili alibeba kigoda akaketi kando ya mstari, akimfundisha golikipa mpya, kinyozi mwembamba, namna ya kusimama, na kumsimulia kila mpita njia jinsi alivyoonewa. Katika masimulizi yake yeye hakulichana shati kabisa. Lilikuwa limeshachanika lilipofika. Sawa Tu aliyasikia yote hayo akiwa katikati ya uwanja, akajitia hamnazo.

Jambo ambalo hawakulitarajia ni mama mkwe. Miaka yote hakuwahi kukanyaga pale uwanjani. Sasa kwa kuwa mumewe ameketi tu, akaja na kigoda chake akaketi ubavuni pake, kanga begani, akauliza huyu ni nani na yule anakimbilia nini. Jumapili ya kwanza aliuliza tu. Jumapili ya pili akaanza kutoa maoni. Ya tatu, kinyozi alipoangushwa, na filimbi haikulia, mama akasimama wima.

"Wee mkwe!" akapaza sauti, na uwanja mzima ukageuka. "Hapo usoni una macho au una vifungo?"

Breki akatazama mbali, kama asiyemjua. Sawa Tu akasimama, filimbi mdomoni, akawaza. Kumtoa baba mkwe ni jambo moja. Akatembea polepole hadi kwenye mstari, akainama kwa adabu zote.

"Mama," akasema, "naomba urudishe kigoda nyuma kidogo. Umekaa ndani ya uwanja."

Mama mkwe akaangalia chini, akaona ni kweli. Akakivuta kigoda nyuma unene wa kidole, akaketi, akamwambia endelea.