Mpira wa Kunawia

Inafahamika, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa mlangoni na kugongwa muhuri mara mbili, kwamba vijidudu wote waliokutwa kwenye kamba wa kiwanda walitoka mikononi mwa akina mama wanaomenya. Mzigo ulikataliwa Ulaya, na Ulaya haikosei.

Bi Mwamvua, mzaliwa wa Kiongoroni huko Delta, alikuwa amemenya kamba miaka kumi na mmoja: sita chini ya shirika la umma, mitano chini ya mwekezaji. Tofauti aliyoiona ni kwamba zamani mkubwa asipoonekana, wafanyakazi waliambiwa yuko mkutanoni. Siku hizi yuko semina. Mumewe, Dadi, alikuwa akikaa nyumbani na mguu mbovu. Nyumba nzima ilikula kwa mikono hiyohiyo iliyotajwa mlangoni.

Deusdedit, msimamizi wa usafi, alikuja kutoka bara na vyeti vitatu na koti jeupe.

"Kesho napima mikono," alitangaza. "Atakayekutwa na vijidudu aage wenzake."

"Utatupima kabla ya kunawa au baada, mwanangu?" akauliza Bi Mwamvua.

"Baada. Mtu akinawa na bado anao, huyo ni sugu."

"Mimi nipime kote kuwili."

Nasma, jirani yake mezani, akamfinya. "Dada, umerogwa? Unajipeleka mwenyewe!"

Hakurogwa. Kila asubuhi walinawa maji ya klorini yaliyotoka kwenye mpira mmoja mweusi, wa tangu enzi za shirika. Mkataba wa ubinafsishaji uliutaja mpira ule pamoja na mizani na majokofu. Waliomo ndani ya mpira haukuwataja. Siku moja Bi Mwamvua aliingiza kidole mdomoni mwa mpira, kikatoka na ute. Ute ule aliujua. Mtungi wa maji ukishika utelezi, mwanamke wa Delta hausuuzi tu. Anausugua kwa makumbi na mchanga mpaka udongo ulie. Alishamwambia Deusdedit.

"Mama, humo hupita klorini," alijibiwa. "Dawa itachafukaje?"

"Inapita, mwanangu. Vijidudu wenyewe wamejifunika ute kama shuka, hawana habari nayo."

"Haya umeyasomea wapi?"

"Mtungini."

Wanawake walicheka, naye Deusdedit akaandika neno kuhusu Bi Mwamvua kwenye daftari lake. Ndiyo maana Bi Mwamvua alijua kwamba asipopimwa mara mbili, kazi hana.

Asubuhi ya kupimwa alikuja na mikono aliyoisugua kwa majivu na ndimu. Deusdedit akaipitishia pamba, akamnawisha kwa mpira, akapitisha pamba nyingine. Kisha, ili kuwafundisha, yeye mwenyewe akanawa mara tatu, polepole, mpaka kwenye viwiko, akajipima.

Majibu yalirudi kutoka maabara ya Dar baada ya wiki mbili. Deusdedit alianza kuyasoma kwa sauti ya hotuba: Nasma, wengi, Mwamini, wengi, Mwanahalima, wengi. Alipofika kwa Bi Mwamvua alikuta mistari miwili. Kabla ya kunawa: hakuna. Baada ya kunawa: wengi. Akakohoa, akaikunja karatasi.

"Imalizie, mwanangu," Bi Mwamvua akamwambia. "Umebaki wewe."

Hakuna aliyeachishwa kazi. Mpira ulitupwa, tangazo likabaki mlangoni. Karatasi ile ilionyesha kwamba aliyekutwa na vijidudu wengi kuliko wote siku ile ni yule aliyenawa mara tatu.