Mzee Ngeleja Aonja Divai ya Ufaransa

Mzee Ngeleja, jirani yangu hapa Somanda, alikuwa mpanga madaraja ya pamba kule Maswa mpaka akastaafu. Pamba nyeupe isiyo na taka aliita safi, yenye madoa aliita fifi. Kazi iliisha, mdomo haukustaafu. Ugali wa mkewe Scola anaupa daraja, mahubiri ya padri anayapa daraja, na wachumba wawili wa binti yake Minza walishaondoka na fifi yao.

Jumapili, tulipotoka kanisani, nikaitwa kushuhudia wa tatu. Lusajo, kijana wa Mbeya anayefanya kazi halmashauri, alikuja na chupa ya divai nyekundu ya Ufaransa, zawadi ya bosi wake. Mimi divai naijua ile ya altareni, nayo kwa kuitazama tu.

"Hii, baba, ina miaka kumi na miwili," alisema Lusajo, jasho likimtoka. "Ina harufu ya matunda meusi, na ngozi."

"Ngozi ya ng'ombe gani?"

Scola akaficha kicheko kwenye kanga. Kizibo kiligoma kutoka, wakakisukumia ndani kwa mpini wa mwiko. Mzee akamimina, akainua glasi kwenye mwanga wa dirisha akitafuta madoa, akanusa mpaka pua ikalowa. Kisha akampa Lusajo, maana kwetu mleta kinywaji ndiye huonja kwanza.

Nikamwonea huruma. Kijana hanywi, Minza alishaninong'oneza. Huyo Minza alikuwa jikoni, na hata sufuria hazikusikika. Lusajo akapiga funda, uso ukakunjamana.

"Tamu?" Mzee akauliza.

Nikasali kimoyomoyo. Akisema tamu, ni mwongo. Akisema mbaya, basi katuletea kibaya.

"Baba, imenikausha ulimi. Hayo ya matunda nimeyasoma kwenye karatasi ya chupa."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaonja, akaonja tena, mara ya tatu eti anahakikisha.

"Fifi," akahukumu. "Inakwaruza kama ganda la mbegu. Ila kijana hakunidanganya. Wale wawili walimsifia hata mbwa wangu! Waambie wazee wako waje tuongee ng'ombe. Chupa iache hapa, si vizuri kumrudishia mgeni mzigo."

Jikoni vigelegele vikapasuka.

"We Minza!" Scola akaita. "Tangu lini bibi harusi akajipigia mwenyewe?"